Wino mwekundu pekee haufundishi

Katika kufundisha isimu nimesahihisha insha zisizohesabika, na nimebaini kwamba wino mwekundu pekee haufundishi. Mwanafunzi huona neno limekatwa, hulifuta, na muhula ufuatao hulirudia. Walimu wenzangu wataniwia radhi nikitoa mfano kutoka fani iliyo mbali na yetu, ile ya kompyuta.

Kila kompyuta ina programu kuu inayoiendesha, na moyo wa programu hiyo huitwa kiini. Kiini ndicho kigawacho kumbukumbu ya mashine, nacho huigawa katika vipande viitwavyo kurasa. Programu kadhaa zinapotaka kusoma ukurasa mmoja, huachiwa ukurasa uleule, mithili ya wanafunzi wanaochangia kitabu cha maktaba. Itakayotaka kuandika hupewa nakala yake, ili ukurasa wa asili usichafuliwe.

Katika Linux, kiini ambacho pia huendesha simu za Android, utaratibu huo ulikuwa na ufa. Programu iliweza kupewa nakala, kisha ikaitupa kabla ya kuiandika. Kiini nacho, kikiwa kimekwisha kusahau kwamba ombi lilikuwa la kuandika, kiliikabidhi ukurasa wa asili. Kwa njia hiyo mtumiaji wa kawaida aliweza kubadilisha faili asizoruhusiwa kuzigusa, hatimaye akajitwalia mamlaka yote ya mashine.

Linus Torvalds, mwasisi wa Linux, alijaribu kuuziba ufa huo mwaka wa 2005. Marekebisho yake yaliondolewa upesi kwa sababu yalitatiza aina fulani ya kompyuta kubwa za IBM, na hatari yenyewe ilionekana kuwa ya kinadharia tu. Mwaka wa 2016 Phil Oester aligundua kwamba wavamizi walikuwa wakiutumia ufa uo huo. Ndipo Torvalds alipoandika marekebisho mapya, mistari isiyofika 20: kiini kikawa kinaweka alama ya kukikumbusha kwamba nakala imekwisha kutolewa, badala ya kulisahau ombi.

Kilichonivutia zaidi ni maelezo aliyoyaambatisha. Alikiri waziwazi kwamba jaribio lake la kwanza lilikuwa baya, akataja liliondolewa kwa nini na ni nini kimebadilika tangu hapo. Mwaka wa 2017 ilibainika kwamba hata marekebisho hayo yaliacha mwanya katika kurasa kubwa za kumbukumbu. Waliouziba hawakuanza gizani.

Naam, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Yamkini mwalimu mwenye rundo la madaftari atauliza wasaa wa maelezo atautoa wapi. Sentensi moja pembezoni yatosha: kosa ni lipi, na kwa nini ni kosa. Nawe mwanafunzi, usilifute kosa lako. Liache lionekane, uandike kando yake usahihi na sababu. Daftari safi lisilo na sababu litakusahaulisha, na mtihani hautasahau.