Bastola kwa Mkono Usio na Nguvu

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kishushe ameniuliza swali ambalo naona linastahili kujibiwa hadharani, kwani si lake peke yake. Mikono yake imeshikwa na baridi yabisi. Hata kifuniko cha chupa ya maji humshinda kufungua. Anaishi peke yake, jirani yu mbali, kituo cha polisi ki mbali zaidi, na kijiji kizima chajua kwamba amelipwa kiinua mgongo. Auliza: mtu wa hali hii akiruhusiwa kumiliki bastola, achague ya aina gani?

Wapo watakaomcheka. Mimi simcheki. Anayelala mjini Voi, penye taa na askari wa doria, hana haki ya kumfundisha ujasiri mtu anayesikia nyayo nje ya dirisha lake usiku wa manane.

Nianze kwa kuwaondoa ndovu katika mjadala huu. Kishushe inapakana na Mbuga ya Tsavo Magharibi, na aghalabu mazungumzo ya silaha huko huishia kwa ndovu. Bastola haimzuii ndovu. Humjeruhi na kumghadhabisha tu. Tunaongea juu ya binadamu.

Mashabiki wa silaha humshauri mwenye mkono dhaifu achukue bastola ndogo, nyepesi. Ushauri huo hupendeza masikioni, lakini fizikia ya kidato cha tatu yaukataa. Risasi ya milimita 9 ina uzito wa gramu 8 hivi, nayo hutoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 350 kwa sekunde. Wanafunzi na wapige hesabu. Bastola ya kilo moja itarudi nyuma kwa mwendo wa mita 2.8 kwa sekunde. Ya nusu kilo itarudi kwa mita 5.6. Nishati itakayokipiga kiganja ni jouli 3.9 kwa ile nzito, na jouli 7.8 kwa ile nyepesi. Hapo tumeiacha kando gesi ya baruti, ambayo huzidisha kishindo. Wepesi uliomfurahisha mnunuzi dukani ndio utakaomvunja kifundo cha mkono moyo.

Isitoshe, kuna kazi ya kukoki. Bastola ya magazini haifyatuki mpaka chuma chake cha juu kivutwe nyuma dhidi ya springi ili risasi ya kwanza iingie chemba. Wengi hudhani kwamba bastola ya risasi ndogo huwa na springi laini. La hasha! Katika bastola nyingi ndogo ni springi na uzito wa chuma hicho pekee vinavyozuia mlipuko, kwa hiyo springi hutengenezwa ngumu kuliko ya bastola kubwa. Hata Ceska, jina lisilo geni kwa msomaji wa magazeti yetu, chuma chake cha juu kimezama ndani ya kiunzi, vidole vikabaki na mahali padogo pa kushika. Tena, mkono unaolegea wakati wa kufyatua huweza kuifanya bastola ya magazini ikwame baada ya risasi moja.

Rivolva, basi? Haina haja ya kukokiwa hivyo, na haikwami kwa sababu ya mkono kulegea. Lakini kifyatulio chake huhitaji mvuto wa kilo 5 hivi, mara mbili ya bastola nyingi za kisasa. Waweza kuivuta nyundo kwanza kwa kidole gumba ili mvuto upungue, ila gumba ndilo ambalo baridi yabisi hulipenda, na nyundo iliyovutwa mikononi mwa mtu anayetetemeka ni hatari kwa kila aliyemo nyumbani.

Watengenezaji wameliona tatizo hili. Kampuni ya Smith & Wesson ilitoa mwaka 2018 bastola ambayo chuma chake huvutwa kwa urahisi, na Beretta wa Italia wametengeneza kadhaa ambazo mtutu wake huinuka kwa nyuma, risasi ikatiwa kwa mkono bila kuvuta chochote. Lakini Kenya si Marekani. Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hapa bastola si haki ya kila mwenye fedha. Ni kibali kinachotolewa baada ya uchunguzi. Mnamo Desemba 2018 serikali iliamuru wenye vibali wote wachunguzwe upya.

Jibu langu kwa mwalimu ni hili: ikiwa ni lazima, achague bastola nzito kiasi, yenye mpini unaojaa kiganja, risasi isiyo na kishindo kikubwa, na ambayo yeye mwenyewe, si muuzaji, ameweza kuikoki. Asipoweza, aache. Majambazi hawaji mmoja mmoja, na bastola iliyomshinda mwenyewe huondoka nao, ikaenda kutisha kijiji kingine. Fedha zikae benki, mlango utiwe pingo la chuma, firimbi iwe chini ya mto, na majirani wa Nyumba Kumi wakubaliane mapema ni nani atakayetoka ikilia. Serikali nayo isijifiche nyuma ya firimbi hiyo. Askari wa kulinda Kishushe ni deni lake.

Kwa wanaotoa vibali nina ombi. Tabia na akili ya mwombaji zikishachunguzwa, apewe bastola tupu aikoki mara kumi mfululizo, kisha avute kifyatulio mara kumi bila mtutu kuyumba. Na ajaribiwe alfajiri, wakati viungo vimekaza, si saa sita mchana jua lilipokwisha kuvilegeza.