Injini Inatetemeka? Tafuta Ufa Kabla ya Kujenga Ukuta

UKITAKA kujua kama gari lina afya, lisikilize likiwa limesimama. Likienda mbio, magonjwa mengi hufichwa na kelele na upepo. Likisimama kwenye foleni, yote hutoka nje.

Na kwa foleni, ni miji michache nchini inayoweza kushindana na Malaba na Busia. Malori yanayobeba mizigo kutoka bandari ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda na Kongo hupitia hapa. Mwaka wa 2020, madereva walipokuwa wakipimwa korona, msururu uliotoka Malaba ulinyooka kilomita nyingi. Hata baada ya Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni kuzindua kituo cha pamoja cha mpakani mjini Busia, Februari 2018, anayepita huko bado hukanyaga breki mara nyingi kuliko mafuta.

Katikati ya malori hayo huenda ukaliona gari dogo lililoongezwa nguvu, aghalabu Subaru Impreza au Forester yenye turbo. Vijana wengi wamelipenda jina hilo tangu Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka wa 1997 kwa Impreza. Ekzosi ni pana, mlio ni mzito. Lakini hebu sikiliza vizuri: mngurumo unapanda, unashuka, unapanda tena, kama mgonjwa wa pumu. Ghafla injini inazima, na nyuma yake kuna trela lenye tani kadhaa za saruji.

Mafundi huuita mngurumo wa gari lililosimama "silensa". Silensa ikivurugika, familia nyingi huanza kununua: leo plagi, kesho sensa, kesho kutwa pampu ya mafuta. Karo ya muhula huyeyuka, na gari bado linatetemeka. Makala haya yanakuonyesha namna ya kutafuta kwanza, kisha kununua.

KWA NINI LIKISIMAMA TU?

Injini ya petroli huchoma mchanganyiko wa hewa na mafuta. Kwa uzito, kila gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa. Katika magari mengi ya kisasa, kipima-hewa kilicho baada ya chujio huhesabu hewa inayoingia, na kompyuta ya gari hutoa mafuta kulingana na hesabu hiyo.

Gari likisimama, injini huzunguka kama mara 700 hadi 850 tu kwa dakika, na hunywa hewa kidogo sana. Sasa fikiria mpira mmoja umepasuka baada ya kipima-hewa. Hewa inaingia kwa mlango wa nyuma bila kuhesabiwa. Kwa injini inayokunywa kidogo, hewa hiyo ya wizi ni sehemu kubwa ya chakula chake. Inakosa mafuta ya kutosha na kuanza kuyumba. Ukiendesha kwa kilomita 100 kwa saa, ufa ule ule haufui dafu, kwa kuwa hewa halali ni nyingi mno. Ndiyo sababu dereva husema, "Barabarani liko sawa kabisa!"

KILA NYONGEZA INA GHARAMA YAKE

Injini iliyoguswa ina sababu zaidi za kuyumba. Kwanza ni kamshafti kali, yaani ile inayoziacha vali wazi kwa muda mrefu ili injini ivute pumzi kubwa ikienda mbio. Ikienda polepole, moshi na hewa mpya huchanganyika, na mngurumo huwa wa kudundadunda. Huo si ugonjwa. Kwa kawaida fundi hupandisha silensa kidogo, na mambo hutulia.

Pili ni nozeli kubwa za mafuta zilizofungwa bila kompyuta kuelezwa. Kompyuta hudhani inatoa kijiko, kumbe inamwaga kikombe. Moshi huwa mweusi na plagi hujaa masizi.

Tatu ni ile vali ya turbo inayotoa mlio wa "pshuu!" unaowafurahisha vijana. Vali ya kiwandani hurudisha hewa ndani ya mfumo, lakini ile ya kelele huitupa nje. Hewa hiyo ilikwisha kuhesabiwa na mafuta yake yakatolewa. Kama gari lako huzima hasa unapoachilia mafuta kukaribia kizuizi cha polisi au mzunguko, mshuku huyu kwanza. Kurudisha vali ya kiwandani ni rahisi kuliko kununua kompyuta.

ANZA NA MASWALI

Daktari mzuri huuliza kabla ya kudunga sindano. Jiulize: ni kitu gani kilichoguswa mara ya mwisho kabla ya tatizo kuanza? Je, linayumba likiwa baridi, likiwa moto, au nyakati zote? Linazidi ukiwasha taa na kipoza-hewa? Andika majibu, umpe fundi.

Kisha tafuta mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Lakini tahadhari: mashine ikisema mchanganyiko una hewa nyingi, haijasema sensa imekufa. Pengine sensa inasema kweli, na mwongo ni mpira uliopasuka.

VIPIMO VYA SHILINGI CHACHE

Fanya kazi hii nje, mahali penye hewa. Moshi wa ekzosi una sumu isiyo na harufu, na imewaua watu wengi ndani ya vibanda vilivyofungwa.

1. Fungua boneti, injini ikiunguruma, usikilize mlio wa "sss" karibu na mipira na maungio yote baada ya chujio.

2. Nyunyiza maji kidogo kwenye maungio hayo, mbali na nyaya za umeme na feni. Mngurumo ukibadilika, umefika kwa mwizi. Usikubali mtu anyunyize petroli kwenye injini iliyo moto.

3. Kwa gari la turbo, injini ikiwa imezimwa, fundi anaweza kuziba mdomo wa mfumo wa hewa, ajaze upepo kidogo kwa pampu, kisha apake povu la sabuni. Povu likitoa mapovu, hapo pana ufa.

4. Safisha mlango wa hewa na vali ya silensa. Masizi hapo huzuia ile hewa kidogo inayohitajika.

5. Toa plagi uzipange kwa mpangilio wa silinda zake. Zote zikiwa nyeusi, mafuta ni mengi. Zote zikiwa nyeupe, hewa imezidi. Moja ikitofautiana na wenzake, shida iko kwenye silinda hiyo: plagi, koili, nozeli, au pistoni yenyewe.

6. Mwisho, pima mgandamizo wa kila silinda. Turbo iliyozidishiwa msukumo inaweza kuvunja pistoni, na hapo hakuna sensa itakayokuponya. Afadhali ujue kabla hujanunua kitu kingine.

MAFUTA NA MWINUKO

Mpakani, petroli hupita kwa mitungi ikifuata upande wenye bei nafuu. Petroli ya mtungini huenda imechanganywa na mafuta taa. Uchanganyaji huo uliisumbua serikali ya Kenya hata ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa mwaka wa 2018. Mchanganyiko huo hauwaki vizuri, na kwa injini ya turbo unaweza kuwa kifo. Kama tatizo lilianza baada ya kujaza mafuta, anza hapo.

Ukiwa na gari la zamani la kabureta, kumbuka pia mwinuko. Kutoka Mombasa, barabara hupanda hadi zaidi ya mita 2,700 huko Timboroa, kisha hushuka hadi kama mita 1,200 Malaba. Hapa hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya kumi. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa haijui hilo. Itazidisha mafuta hadi irekebishwe.

USIPUUZE BREKI

Sasa lile kubwa. Mpira mmoja mnene hutoka kwenye injini kwenda kwenye kifaa kinachosaidia mguu wako kukanyaga breki. Ukipasuka, silensa huyumba na breki huwa ngumu. Kama ni huo, unachotafuta si raha ya mlio tena bali uhai wa watoto walio kiti cha nyuma.

Jaribu hivi nyumbani. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka iwe ngumu. Endelea kuikanyaga, kisha washa gari. Pedali inapaswa kuzama kidogo. Ikikataa kuzama, au ukisikia "sss" karibu na miguu yako, usiliendeshe gari hilo hadi Adungosi wala Bumala. Mwite fundi alikokuwa.

Na ukienda gereji, mwombe fundi akuonyeshe ufa kwa macho yako kabla hajataja bei ya kipuri. Fundi wa kweli hatakasirika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe mara nyingi ni mpira wenye urefu wa kidole.