Stesheni ya Habari ya Kigeni na Mtazamaji wa Paje

Katika mafunzo ya makada huulizwa mara kwa mara swali hili, nalo hujibiwa haraka mno: stesheni ya televisheni ya habari inayomilikiwa na wageni inapoingia katika nchi kama yetu, inakutana na vikwazo gani? Jibu la haraka husema kwamba haina vikwazo, kwa kuwa ina fedha, ina setilaiti na ina watangazaji hodari, na kwa hiyo akili za watu wetu ni mali yake tangu siku ya kwanza. Jibu hilo lina sauti ya kimapinduzi, lakini kwa hakika ni jibu la mtu aliyekwisha kata tamaa na umma wake. Tena halikubaliani na mambo yalivyotokea.

Tutazame Paje, kijiji cha pwani ya mashariki katika Wilaya ya Kusini Unguja. Katika hoteli zilizo ufukweni kuna madishi, na mtalii akiwa kitandani hutazama habari za kwao kwa lugha ya kwao. Ukiupa mgongo ufukwe ukaingia kijijini, utakuta televisheni moja inatazamwa na watu wengi, na kinachowakusanya zaidi kuliko kitu kingine ni mpira. Mawimbi yanayotoka mbinguni ni yale yale. Stesheni kubwa za habari za dunia zimefika hotelini miaka mingi, lakini kijijini zimebaki wageni. Kwa nini?

Hatuwezi kusema kwamba ni kwa sababu watu wa Unguja hawajaizoea televisheni. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya kwanza Afrika kusini ya Sahara, wakati Tanzania Bara ilikuwa bado imeiacha kwa kuiona ni anasa kwa nchi maskini. Mzee Abeid Amani Karume, aliyekuwa na fikra hiyo, aliuawa tarehe 7 Aprili 1972 kabla ya kuiona ikirusha matangazo. Bara ilipata televisheni yake ya kwanza mwaka 1994, na ilianzishwa na makampuni ya watu binafsi. Kwa hiyo mzee wa Paje ana uzoefu wa kutazama habari unaomzidi mtu wa Dodoma kwa miaka 20, na mtu mzoefu hashangazwi na studio yenye taa nyingi.

MLANGO NA NJIA

Kikwazo cha kwanza ni sheria, nacho si kigumu kukieleza. Masafa ni mali ya umma, na stesheni inayotaka kurusha matangazo hapa nchini inahitaji leseni. Mgeni akifika hukuta jambo ambalo hakulitazamia: Jamhuri ni moja, lakini milango ni miwili. Posta na simu ni mambo ya Muungano, utangazaji si jambo la Muungano. Bara kuna Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Zanzibar kuna Tume ya Utangazaji iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Aidha, kanuni za maudhui zilizorekebishwa mwaka 2020 ziliwataka wenye leseni wa ndani wapate kwanza idhini ya TCRA kabla ya kushirikiana na stesheni ya nje katika kurusha vipindi vyake. Wapo waliolilalamikia jambo hilo na wapo waliolisifu. Kada anapaswa kujua hoja za pande zote mbili, maana ataulizwa.

Lakini leseni si njia. Mtu anaweza kuruhusiwa kuuza samaki na asiwe na barabara ya kumfikisha sokoni. Njia ya televisheni siku hizi ni king'amuzi, na mwenye king'amuzi ndiye mwenye barabara. Al Jazeera ya Qatar ililijua hilo kwa gharama kubwa huko Marekani. Mwezi Januari 2013 iliinunua stesheni ya Current TV kwa bei iliyotajwa kuwa kiasi cha dola milioni 500. Haikuwa inanunua vipindi vyake. Ilikuwa inanunua nafasi katika nyaya za makampuni yanayopeleka televisheni majumbani. Mara tu biashara ilipotangazwa, kampuni moja kubwa, Time Warner Cable, iliiondoa Current TV katika nyaya zake. Al Jazeera America ilianza tarehe 20 Agosti 2013, ikaajiri waandishi wenye majina na kufanya kazi nyingi nzuri, ikafungwa tarehe 12 Aprili 2016. Fedha za gesi zilinunua mlango, hazikuweza kununua watazamaji.

Stesheni hiyo hiyo iliwahi kupanga kuanzisha idhaa ya Kiswahili, makao yake yakiwa Nairobi. Watu wa pwani waliisubiri kwa hamu, hasa kwa kuwa jina la Al Jazeera lilikwisha kupata heshima misikitini na barazani kutokana na habari za Palestina na Iraki. Mradi huo haukuwahi kufika hewani.

Wachina walikwenda kwa njia nyingine, nao walikuwa na akili zaidi katika jambo hili. Televisheni yao ilifungua kituo cha Afrika mjini Nairobi tarehe 11 Januari 2012, lakini kampuni ya StarTimes ilikuwa imekwisha kuingia Tanzania kwa ubia na TBC na kuanza kuuza ving'amuzi vya bei nafuu. Walijenga barabara kwanza. Hata hivyo, kilichokumbukwa na watu wetu hakikuwa taarifa ya habari ya Beijing. Ilikuwa ni tamthilia ya Doudou, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na kuonyeshwa na TBC mwaka 2011, ambayo Rais Xi Jinping mwenyewe aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam tarehe 25 Machi 2013. Matatizo ya mke na mama mkwe yanaeleweka Paje bila ya mkalimani.

Na hapa ndipo tunapoona kwamba habari pekee haiuzi king'amuzi. Mwaka 2021 Azam, kampuni ya Kitanzania, iliingia mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu kwa zaidi ya shilingi bilioni 225. Mwenye kumiliki Simba na Yanga siku ya Jumamosi ndiye mwenye sebule ya Mtanzania siku ya Jumatatu, na taarifa ya habari hupanda mgongoni mwa mpira. Mwaka 2018, ving'amuzi vya kulipia ambavyo leseni zao hazikuruhusu kubeba stesheni za bure vilitakiwa kuziondoa. Ghafla mwenye king'amuzi cha kigeni akawa anaiona dunia nzima ila hapati taarifa ya saa mbili usiku ya nchi yake. Stesheni ya habari ya kigeni isiyo na mpira wala tamthilia inasimama nje ya mlango huo ikiwa na habari tupu mkononi, na matangazo ya biashara hayawezi kuilisha, kwa sababu mwenye kuuza sabuni na vocha hulipia mahali penye watu.

SIKIO LA MSIKILIZAJI

Kikwazo kikubwa kuliko vyote kiko katika sikio. Kiunguja ndicho kilichochaguliwa katika miaka ya 1920 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na watu wa Kusini Unguja wana lahaja yao kando ya hicho sanifu. Msikilizaji wa namna hii humpima mtangazaji kwa sentensi moja. Habari iliyoandikwa London au Doha kwa Kiingereza, kisha ikageuzwa maneno yake tu, huifahamu mara moja, kama mpishi anavyofahamu wali uliopashwa moto.

Hata hivyo lugha si jambo zima. Tukumbuke Sauti ya Cairo. Mwaka 1954 Misri ya Gamal Abdel Nasser ilianza kutangaza kwa Kiswahili, na mmoja wa watangazaji wake alikuwa Ahmed Rashad Ali, Mzanzibari. Ilikuwa idhaa ya kigeni, mali ya serikali ya kigeni, yenye maslahi yake. Lakini ilisikilizwa Unguja na pwani yote, na Waingereza wakaudhika. Ilisikilizwa kwa kuwa ilijibu swali lililokuwa midomoni mwa watu wakati ule, yaani mkoloni ataondoka lini, na Sauti ya Unguja chini ya Waingereza haikuweza kulijibu. BBC nayo ilianza Kiswahili tarehe 27 Juni 1957, ikajenga mazoea kwa redio kwa miaka 55 kabla ya kuleta televisheni, mwaka 2012, kwa jina la Dira ya Dunia. Hata hapo haikuja na nyumba yake. Iliomba chumba katika Star TV ya Mwanza.

Basi tuseme wazi: ugeni wa mmiliki peke yake haumfukuzi msikilizaji. Msikilizaji hufukuzwa na habari isiyomhusu. Na kwa kuwa mambo ni hayo, Chama hakina sababu ya kufurahi pale stesheni ya kigeni inaposhindwa. Televisheni zetu wenyewe zina taarifa za habari ambazo dakika kumi za mwanzo ni mgeni rasmi akifungua semina, mgeni rasmi akikata utepe, mgeni rasmi akipokea hundi. Kijana wa Paje akishatazama utepe wa pili, huchukua simu yake. Humo ndani ya simu mgeni hahitaji leseni, wala king'amuzi, wala Star TV.

Linabaki suala la mwenye kulipa, ambalo Mwana-Chama aliyesoma siasa ya uchumi hapaswi kulisahau. Mwaka 1994 BBC ilianzisha televisheni ya Kiarabu kwa fedha za kampuni ya Orbit ya Saudia. Ilipoonyesha mambo ambayo wenye fedha hawakuyataka, mwezi Aprili 1996 ikazimwa. Wengi wa waandishi wake wakachukuliwa na Al Jazeera, iliyoanza tarehe 1 Novemba mwaka huo huo. Na mwezi Machi 2025 Rais wa Marekani alitoa amri iliyowaweka kando wafanyakazi wa Sauti ya Amerika. Idhaa ya Kiswahili ikanyamaza siku hizo hizo, na stesheni zilizozoea kurusha vipindi vyake zikabaki na nafasi tupu katika ratiba. Katika mambo hayo mawili, hapana mtazamaji yeyote aliyeulizwa.

Tume ya Sean MacBride iliyaeleza hayo kwa UNESCO mwaka 1980: kwamba habari zinatiririka kutoka nchi chache kwenda kwa nyingi, na nchi nyingi hazina chombo cha kujibu. Marekani ikajitoa UNESCO mwishoni mwa mwaka 1984, Uingereza mwaka uliofuata. SHIHATA, shirika la habari tuliloliunda mwaka 1976 ili tuwe na jibu letu, halipo tena, na hatukulipigania sana lilipokuwa linakufa. Kushindwa huko ni kwetu, hakukuletwa na setilaiti.

Mwaka 1989 kilimo cha mwani kwa ajili ya kuuza nje kilianza Paje na Jambiani, na hadi leo wengi wa wanaokwenda shambani maji yanapotoka ni wanawake. Mwani huo hukaushwa, husafirishwa, na huko nje hugeuzwa kuwa kitu cha kuongezea uzito katika dawa ya meno na vyakula. Bei yake hupangwa mbali. Stesheni ya habari, ya wageni au ya kwetu, itakayomwambia mama huyo kila juma bei ya mwani wa Zanzibar, wa Indonesia na wa Ufilipino, itatazamwa Paje hata siku isiyokuwa na mpira. Kwa sasa akitaka kujua bei ya kesho, anamwuliza mnunuzi.