Twiga Stars: Miaka 15 kati ya fainali mbili za Afrika

TIMU ya taifa ya soka ya wanawake ya Tanzania, Twiga Stars, imecheza fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 2010 nchini Afrika Kusini na mwaka 2025 nchini Morocco. Baina ya safari hizo mbili ilipita miaka 15. Anayetazama rekodi hiyo kwa haraka anaweza kudhani kuwa timu ililala usingizi mzito kipindi chote hicho. Ukweli ni kwamba haikulala, na sababu za kuchelewa kwake zinafaa kueleweka na kila anayependa kuiona ikiendelea mbele.

Mwaka 2010 Twiga Stars, ikiwa chini ya kocha Charles Boniface Mkwasa, ilizitoa Ethiopia na Eritrea katika michezo ya kufuzu na kuwa miongoni mwa timu nane zilizocheza fainali. Ilipangwa kundi moja na wenyeji Afrika Kusini, Nigeria na Mali. Ilifungwa mabao 2-1 na wenyeji, ikafungwa 3-2 na Mali na kumaliza kwa kipigo cha 3-0 kutoka kwa Nigeria, ambayo ndiyo iliyotwaa ubingwa.

Ilirejea nyumbani bila pointi hata moja. Hata hivyo, katika michezo miwili kati ya hiyo mitatu ilipoteza kwa tofauti ya bao moja tu, tena dhidi ya nchi zilizokuwa na uzoefu mkubwa zaidi wa mashindano hayo. Ilikuwa dhahiri kwamba vipaji vilikuwepo. Kilichokosekana ni mechi za kutosha.

Wakati huo Tanzania haikuwa na ligi ya taifa ya wanawake. Wachezaji wengi walitoka katika klabu chache za Dar es Salaam, kama vile Mburahati Queens, zilizotegemea moyo wa viongozi wake na mashindano ya hapa na pale. Mchezaji aliyeitwa kambini alijikuta akijifunza kambini yale ambayo wenzake wa Nigeria na Afrika Kusini waliyazoea katika klabu zao.

Hali ya ukanda mzima haikuwa bora. Mashindano ya wanawake ya Afrika Mashariki na Kati, yanayosimamiwa na CECAFA, yalifanyika kwa mara ya kwanza Zanzibar mwaka 1986, kisha yakatoweka kwa miaka 30. Timu za wanaume za ukanda huu zilikuwa na Kombe la Chalenji la kupimia nguvu zao. Dada zao walikutana tu pale ratiba ya kufuzu ilipowalazimu.

Matokeo yake yalionekana mapema. Ethiopia iliitoa Twiga Stars katika kufuzu kwa fainali za mwaka 2012. Zambia ikafanya hivyo kwa fainali za 2014, Zimbabwe kwa zile za 2016, na Zambia tena kwa zile za 2018. Jambo la kuzingatia ni kwamba kila mara timu iliyoitoa Tanzania ndiyo iliyokwenda kucheza fainali. Mwaka 2018 Twiga Stars haikufungwa hata mchezo mmoja na Zambia: ilitoka sare ya 3-3 Dar es Salaam na 1-1 ugenini, ikatolewa kwa kanuni ya mabao ya ugenini. Timu ilikuwa mlangoni, ikakosa hatua moja ya kuingia ndani.

Mabadiliko yalianza mwaka 2016. Septemba mwaka huo CECAFA iliyafufua mashindano ya wanawake mjini Jinja, Uganda, na Twiga Stars ikatwaa ubingwa kwa kuifunga Kenya 2-1 katika fainali. Ilitetea taji hilo mjini Kigali mwaka 2018. Mwaka 2019, mashindano yalipofanyika Dar es Salaam, Kenya ililipiza kisasi kwa ushindi wa 2-0 katika fainali.

Muhimu zaidi, mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2016 ilizinduliwa ligi ya taifa ya wanawake. Mlandizi Queens ya Pwani ilikuwa bingwa wa kwanza, na baadaye JKT Queens na Simba Queens zikawa zinapokezana taji. Mchezaji wa kike sasa alikuwa na ratiba, mwajiri na mpinzani wa kumpima kila wiki.

Matunda yalifuata kwa mpangilio. Oktoba 2021 Twiga Stars, ikiwa mgeni mwalikwa, ilitwaa Kombe la COSAFA la nchi za Kusini mwa Afrika kwa kuifunga Malawi 1-0. Mwaka 2022 Simba Queens ilimaliza ya nne katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Mwaka huohuo timu ya wasichana wenye umri chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilicheza Kombe la Dunia nchini India, ikaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Wachezaji walianza kuvuka mipaka: Aisha Masaka aliyechezea Yanga Princess alikwenda Sweden na kisha Uingereza, naye Clara Luvanga akajiunga na Al Nassr ya Saudi Arabia.

Haki inataka isemwe pia kwamba mlango wenyewe ulipanuliwa. Kuanzia fainali za 2022 idadi ya timu iliongezwa kutoka nane hadi 12. Hata hivyo, nafasi hiyo haikutolewa bure. Mwaka 2023 Twiga Stars ya kocha Bakari Shime ilifungwa 2-0 ugenini na Ivory Coast, ikarudisha mabao hayo nyumbani na kushinda kwa mikwaju ya penalti, kisha ikaitoa Togo kwa jumla ya mabao 3-2.

Fainali hizo zilipangwa kuchezwa mwaka 2024 lakini ziliahirishwa hadi Julai 2025 kwa sababu ya kugongana na Michezo ya Olimpiki. Kwa bahati, Tanzania ilipangwa tena na Mali na Afrika Kusini, pamoja na Ghana. Ilifungwa 1-0 na Mali na 4-1 na Ghana. Lakini dhidi ya Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi, ilitangulia kwa bao la Opa Clement na kumaliza kwa sare ya 1-1. Hiyo ndiyo pointi ya kwanza ya Tanzania katika historia ya fainali hizo.

Pointi moja si mavuno makubwa, na timu ilishika mkia wa kundi. Lakini Oktoba 2025 Twiga Stars iliitoa Ethiopia na kufuzu kwa fainali za 2026. Safari ya kwanza ilifuatwa na ukame wa miaka 15. Ya pili ilifuatwa na tiketi nyingine baada ya miezi mitatu. Tofauti hiyo haielezwi na bahati.

Timu ya taifa ni kama maji ya mtungi: hayazidi yale yaliyotekwa kisimani. Kisima cha Twiga Stars ni ligi, klabu na viwanja ambavyo wasichana wanavitumia mwaka mzima. Endapo klabu zitashindwa kulipa mishahara au mashindano ya vijana yatasuasua, pengo la miaka 15 linaweza kurudi. Wanaoujaza uwanja siku ya fainali wana wajibu wa kukumbuka pia mechi za ligi, zinazochezwa wakati majukwaa yakiwa matupu.