Mtoto anacheua kila akinyonya, sasa analikataa ziwa: Mzazi ufanye nini?

Amenyonya vizuri, umemfuta mdomo, umemweka begani. Dakika mbili hazijapita, maziwa yote yako kwenye khanga. Unabadilisha nguo, unamnyonyesha tena, anacheua tena. Wiki zinapita, halafu linakuja jingine: ukimsogeza kwenye ziwa au chupa anageuza uso na kulia kama vile umemfinya.

Hapo ndipo presha inapoanza. Mama mkwe anasema ni chango. Jirani anasema ni kimeo, kikatwe. Rafiki wa WhatsApp anakutumia picha ya dawa aliyompa mwanawe. Kabla hujafanya lolote kati ya hayo, soma hapa.

Kwa nini mtoto anacheua?

Kati ya mrija wa chakula na tumbo kuna misuli inayofanya kazi kama mlango. Chakula kikishuka, mlango unajifunga. Kwa mtoto mchanga mlango huo bado haujakomaa, unafunguka hovyo. Ongeza hapo kwamba chakula chake chote ni majimaji, tumbo lake ni dogo, na muda mwingi amelala. Maziwa yakirudi juu si ajabu.

Na hauko peke yako. Mwongozo wa afya unaotumika Uingereza unasema kucheua huwapata angalau watoto wachanga 40 kati ya kila 100. Mara nyingi huanza kabla mtoto hajafikisha wiki 8. Na kati ya kila watoto 10 wanaocheua, 9 huwa wameacha wakifikisha mwaka mmoja. Mtoto akianza kukaa, kusimama na kula vyakula vizito, hali inatulia yenyewe.

Angalia pia tofauti kati ya kucheua na kutapika. Anapocheua, maziwa yanatoka taratibu tu, mtoto hahangaiki. Anapotapika, tumbo linabana na maziwa yanatoka kwa nguvu.

Kama mtoto wako anacheua lakini anaongezeka uzito, analowesha nepi 6 au zaidi kwa siku na anacheka vizuri, basi kiukweli shida yako ni nguo za kufua. Huyo hahitaji dawa.

Lini inakuwa tatizo?

Kinachopanda siyo maziwa peke yake, yanakuja na asidi ya tumboni. Asidi ikipanda mara kwa mara inaweza kuunguza mrija wa chakula. Mtu mzima anakiita kiungulia na kutafuta dawa. Mtoto hawezi kusema, anaonyesha kwa mwili:

- Analia na kujipinda mgongo kwa nyuma wakati wa kunyonya au mara baada ya hapo.
- Anavuta maziwa kidogo, anaachia, analia, anataka tena, anaachia.
- Uzito kwenye kadi ya kliniki umesimama au unashuka.
- Anakohoa au anapaliwa mara kwa mara akila.

Kadi ya kliniki ndiyo shahidi wako mkubwa hapa. Mtoto wa chini ya miezi 3 kwa kawaida huongezeka kama gramu 20 hadi 30 kwa siku. Mstari ukipanda, una muda wa kutulia na kuangalia. Ukilala au kushuka, nenda kituo cha afya, usisubiri tarehe ya kliniki.

Kwa nini mwenye njaa anakataa maziwa?

Hili ndilo linaloumiza wazazi wengi. Mtoto ana njaa, maziwa yapo, lakini hataki.

Ukweli ni kwamba mtoto anajifunza haraka. Kama kila akinyonya anasikia moto kifuani, baada ya muda ataogopa kunyonya kwenyewe. Utamwona analia hata kabla maziwa hayajamfika mdomoni, ukimlaza tu mkao wa kunyonyesha. Wengine wanakubali kunyonya wakiwa usingizini tu, kwa sababu hapo hawana habari.

Sasa mzazi anaogopa mtoto atakonda. Anaanza kulazimisha: kushika kichwa, kusukuma chuchu ya chupa mdomoni, kumbana pua ili afungue mdomo, kumnywesha uji kwa kiganja. Mtoto anapambana zaidi. Yaani hata maumivu yakiisha, woga unabaki, kwa sababu sasa kula kumekuwa vita. Na maziwa au uji wa kulazimishwa unaweza kuingia kwenye njia ya hewa.

Lakini usidhani kila anayekataa ana asidi. Mtazame mdomoni: utando mweupe usiofutika kirahisi unaweza kuwa fangasi, na unauma. Pua iliyoziba kwa mafua inamfanya ashindwe kunyonya na kupumua kwa pamoja. Sikio linalouma, maziwa yanayotoka kwa kasi mno, au mwili kutopatana na protini ya maziwa ya ng'ombe, vyote vinaweza kumfanya agome. Ndiyo maana ni muhimu apimwe, siyo kubahatisha.

Anza na haya nyumbani

1. Mnyonyeshe kidogo kidogo, mara nyingi. Tumbo lililojaa pomoni linarudisha zaidi.

2. Angalia anavyoshika ziwa. Mdomo uwe wazi sana, achukue na sehemu nyeusi, siyo chuchu tu. Asiposhika vizuri anameza hewa. Mwombe muuguzi wa kliniki akutazame ukinyonyesha.

3. Mtoe gesi katikati na mwisho wa kunyonya. Mweke begani, mpapase mgongo taratibu mpaka apige mbweu.

4. Mshike wima kwa dakika 20 hadi 30 baada ya kunyonya. Usimrushe rushe wala kumfunga nepi ya kubana tumbo.

5. Kama anatumia maziwa ya kopo, piga hesabu. Kipimo cha kawaida ni kama mililita 150 kwa kila kilo ya uzito kwa saa 24. Mtoto wa kilo 5 ni kama mililita 750 kwa siku nzima. Huenda unamzidishia tu. Na usipunguze wala kuongeza unga kinyume na maelekezo ya kopo.

6. Mlaze chali. Wengi wanaogopa atapaliwa, lakini mtoto akilala chali njia ya hewa inakuwa juu ya mrija wa chakula, kwa hiyo maziwa yanayorudi hayaingii huko kirahisi. Kumlaza kifudifudi au kumwekea mto kunaongeza hatari ya kufa ghafla usingizini.

Na uji? Kabla ya miezi 6, hapana. Usimkorogee uji kwenye chupa ili "maziwa yakae tumboni". Maziwa mazito yapo kwa ajili ya tatizo hili, lakini ni daktari anayeamua.

Jinsi ya kumaliza vita vya kula

Hatua ya kwanza ni kutibu kinachouma. Ya pili ni kuacha kulazimisha, na hii ndiyo ngumu.

Subiri dalili za njaa: anatafuta ziwa, ananyonya mkono, anafungua mdomo. Mpe wakati huo, kabla hajaanza kulia. Akigeuza uso au kufunga mdomo, acha. Mshike, mwimbie, mjaribu tena baadaye. Dakika 20 hadi 30 zinatosha kwa mlo mmoja, usimfuatilie saa nzima.

Nenda sehemu tulivu, zima televisheni, weka simu pembeni. Mweke kifuani ngozi kwa ngozi hata wakati ambao humnyonyeshi, ajue kifua chako siyo mahali pa ugomvi tu. Aliyefikisha miezi 6, mwache ashike chakula mwenyewe, achafuke, acheze nacho.

Siku za mwanzo anaweza kula pungufu, na moyo wako utadunda. Kwa hiyo fanya hivi ukiwa na mhudumu wa afya anayempima uzito, hasa kama ana umri wa chini ya miezi 6 au alishakonda. Hesabu nepi zilizolowa kila siku. Uoga huu ulijengeka kwa wiki nyingi, hautaondoka kwa siku moja.

Shirika la Afya Duniani lenyewe linahimiza ulishaji wa namna hii: mzazi anaamua ampe nini, mtoto anaonyesha ameshiba lini.

Dawa je?

Dawa za kupunguza asidi hazizuii kucheua. Zinafanya kinachopanda kisiunguze, lakini maziwa yatapanda vilevile. Asidi pia ina kazi ya kuua vijidudu, ndiyo maana dawa hizi kwa watoto zimehusishwa na kuongezeka kwa nimonia na magonjwa ya tumbo. Usinunue duka la dawa kwa kukisia, na usimpe ya mtu mzima ukaikata vipande.

Mara nyingi daktari anaweza kuanza na njia nyingine: mama anayenyonyesha aache maziwa ya ng'ombe na vyote vilivyotengenezwa nayo kwa wiki 2 hadi 4, aone kama mtoto anapata nafuu. Kama anatumia kopo, atabadilishiwa aina. Usiache kunyonyesha kwa sababu ya kucheua.

Kimeo na meno ya plastiki: usikubali

Hapa watoto wanapotea. Mtoto anayetapika na kukataa ziwa anapelekwa kwa fundi, anaambiwa kimeo kimerefuka au ana "meno ya plastiki".

Kimeo ni kinyama kinachoning'inia kooni, kila mtu anacho. Kukikata hakuhusiani kabisa na mlango ule wa tumboni. Na hayo yanayoitwa meno ya plastiki ni meno ya kawaida ya mtoto ambayo bado yamo ndani ya fizi. Yakichimbuliwa, meno yajayo yanaweza kuharibika.

Kibaya zaidi, vifaa hivyo vinaleta kutokwa damu nyingi, pepopunda na maambukizi kwenye damu. Mtoto aliyekuwa anacheua tu anaweza kufa. Mzee akisisitiza, mjibu kwa heshima: "Nimekusikia bibi, ngoja kwanza tumpeleke hospitali."

Kimbia hospitali ukiona haya

- Matapishi ya kijani, yenye damu au rangi kama ya kahawa.
- Anatapika kwa kuruka mbali kila akinyonya, hasa akiwa na wiki 2 hadi 8.
- Hajakojoa kwa saa 6 au zaidi, mdomo umekauka, utosi umebonyea.
- Utosi umevimba, ana homa, amelegea au haamki vizuri.
- Tumbo limevimba na ni gumu, au kinyesi kina damu.
- Anapumua kwa shida.
- Kutapika kumeanza baada ya miezi 6, au kunaendelea baada ya mwaka mmoja.

Na wewe, mama au baba

Kulisha mtoto anayekataa kunachosha kuliko anavyojua mtu asiyepitia. Maziwa yako hayana ubaya, na mtoto hakuchukii wewe.

Gawaneni kazi. Baba anaweza kumshika wima usiku ule baada ya kunyonya, mama alale hata saa mbili. Kilio kikikuzidi, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika chache upumue. Usimtikise kamwe, ubongo wake unaumia.

Ukijikuta unalia kila siku, huwezi kulala hata mtoto akilala, au unawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie muuguzi kliniki leo. Ni ugonjwa unaotibika kama mwingine.

Ukienda kwa daktari, beba kadi ya kliniki na karatasi yenye mambo matatu: ananyonya mara ngapi, nepi ngapi zinalowa, na analia wakati gani. Pia mrekodi kwa simu dakika moja akiwa anakataa kunyonya. Itamsaidia daktari kuona kile ambacho mtoto huenda asikionyeshe siku hiyo.