Mguu wa Saba

Huku kwetu Lafey msimulizi haanzi kwa "Paukwa". Husema "Sheeko sheeko!" na watoto hujibu "Sheeko xariir!", yaani hadithi ya hariri. Haya, jibuni. Wale wa nyuma sijawasikia. Tena! Vizuri. Hadithi ya leo haina fisi wala simba. Ina kompyuta iliyogoma kuamka.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa Kidato cha Pili, akiwa likizo. Alikuwa ameuza mbuzi wake wawili, akatuma pesa Nairobi, na jamaa akamzungukia Luthuli Avenue duka hadi duka akimnunulia kompyuta vipande vipande, kwa sababu kuinunua nzima kungemgharimu mbuzi wa tatu. Vipande vikaja kwa basi. Njia yenyewe mnaijua: Garissa, Wajir, El Wak, ndipo Lafey, na ukishuka unapapasa meno kuona kama yote yamefika nawe. Ndani ya katoni kulikuwa na kasha la chuma, mazabodi yaani ubao mkuu, prosesa na feni yake, kijiti kimoja cha ramu, diski, pawa saplai, na kifuko cha skrubu.

Akaketi chini katika duka la mama yake, dada yake wa miaka tisa akimshikia tochi. Saa nne nzima. Alipomaliza akafuta vumbi, akasema bismillahi, akabonyeza kitufe.

Kimya. Hakuna taa, hakuna feni, hata mlio mdogo. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba kompyuta ni mzee asiyesikia vizuri. Kimya. Ndipo akaja kwangu mbio.

"Abti! Kompyuta imekufa!"

"Abti," nikamwambia, maana kwetu mjomba humwita mpwa kwa jina lile lile analoitwa, "kitu ambacho hakijazaliwa kinakufaje?"

Mnajua kazi yangu. Nilitengeneza redio miaka mingi kabla hazijaja simu, na kabla ya redio nilichunga ngamia wa baba yangu. Kazi hizo mbili zinafanana kuliko watu wanavyodhani. Ngamia akipotea, mjinga hukimbia huku na huko akiita. Mchungaji hurudi mahali ngamia alipoonekana mara ya mwisho, akainama, akatafuta wayo wa kwanza, kisha wa pili. Stima nayo huacha nyayo. Unaanza pale ambapo una hakika ipo, unaifuata mpaka mahali inapopotelea.

Tukaanzia kisimani. Garissa kuna shamba kubwa la paneli za sola lililozinduliwa Desemba 2019, la megawati 50 hivi, lakini umeme wake unaingia gridi ya taifa, na gridi hiyo ilikuwa haijafika kwetu. Dada yangu ana kisima chake mwenyewe: paneli juu ya mabati, betri sakafuni, na inverta inayochukua volti 12 za betri na kuzigeuza kuwa 240, kama zile za soketi za Nairobi.

"Soketi ni nzima, Abti," kijana akasema. "Simu inachaji."

Simu ni mbuzi, nikamjibu. Kompyuta ni ngamia. Kisima kinachonywesha mbuzi si lazima kimnyweshe ngamia. Chaja ya simu hula wati 10 hivi, ilhali kompyuta ya aina ile yaweza kula mara kumi ya hizo. Tukachomeka televisheni ya dukani katika soketi ile ile. Ikawaka, na mtangazaji akaanza kupiga kelele. Kisima kina maji.

Tukaja kwenye kebo. Tuliiazima ya mashine ya fotokopi, ambayo tulijua ni nzima. Bado kimya. Nikalizungusha kasha nikatazama mgongo wake. Pawa saplai ina swichi yake ndogo huko nyuma, upande mmoja mstari, upande wa pili duara. Mstari maana yake njia iko wazi. Duara maana yake imefungwa.

Ilikuwa kwenye duara.

Kijana alinyamaza. Dada yake hakunyamaza, alicheka mpaka tochi ikamtoka mkononi. Nikaibonyeza upande wa mstari, akabonyeza kitufe cha mbele kwa furaha.

Kimya.

Mlidhani hadithi imeisha? Mimi pia.

Kabla hatujaendelea, nyinyi mnaopenda kufungua vitu nisikilizeni. Pawa saplai za zamani zina swichi nyingine nyekundu mgongoni, imeandikwa 115 na 230. Kwetu ikae kwenye 230 siku zote. Ikikaa kwenye 115 mtasikia mlipuko, mtanusa harufu ya kuungua, na hapo hakuna fundi wa kuwasaidia. Na boksi lenyewe la pawa saplai halifunguliwi, hata likichomolewa. Ndani mna vihifadhi umeme ambavyo hujazwa volti 340 hivi, na hubaki na chaji hata baada ya kebo kutoka. Mimi mzee na bisibisi zangu zote silifungui.

Sasa nitawaambia jambo ambalo watu wazima wengi hawalijui. Kitufe cha mbele hakiwashi kompyuta. Zamani kilikuwa kinawasha kweli: kompyuta za kale zilikuwa na swichi nene iliyokata stima yenyewe, kama swichi ya taa ukutani. Kisha mwaka 1995 kampuni ya Intel ikatoa mpango mpya uitwao ATX, ndio ambao kompyuta nyingi za mezani zinaufuata hadi leo. Katika mpango huo kitufe kinaomba tu, kama mtoto anayebisha hodi.

Nani anayeisikia hodi, ikiwa kompyuta imezimwa? Ndiyo maana pawa saplai iliyochomekwa hailali usingizi mzito. Kupitia waya wa zambarau hupeleka volti 5 kwenye mazabodi usiku na mchana, stima kidogo ya kuweka jicho moja wazi, kama mlinzi wa zizi. Ukibonyeza kitufe, mlinzi anasikia. Mazabodi huushusha waya wa kijani hadi karibu na sifuri, na hiyo ndiyo lugha yao ya kusema "amka". Pawa saplai inaamka, inatoa volti 12, 5 na 3.3, inajipima yenyewe, na ndani ya nusu sekunde inajibu kwa waya wa kijivu: niko sawa. Prosesa haianzi kazi mpaka ipate jibu hilo. Kubisha, kusikia, kuamka, kujipima, kujibu. Yote hayo hupita kabla hujaondoa kidole.

Kwa hiyo swali letu likawa: ni nani katika mnyororo huu asiyejibu?

Tukamhoji pawa saplai peke yake. Nilichomoa kebo ya ukutani kwanza, nikazitoa nyaya zake zote kwenye mazabodi, nikakunja kipande cha waya mfano wa herufi U, ncha moja kwenye tundu la waya wa kijani na nyingine kwenye tundu la waya mweusi jirani yake. Ndipo nikachomeka. Nilikuwa nimebisha hodi mwenyewe, bila kupitia kwa mazabodi. Feni ikavuma vruuu. Jaribio hili mlifanye mkiwa na mtu mzima anayejua, na mjue pia kwamba pawa saplai nyingine za kisasa hazizungushi feni mpaka zipate joto, kwa hiyo feni iliyotulia si ushahidi kamili. Yetu ilivuma. Yeye hana kosa.

Nikachukua ile plagi pana yenye pini 24 kuirudisha kwenye mazabodi, nikagundua nikiisukuma kwamba inakwenda, inakwenda, halafu tk! Kichupio chake kimeshika.

"Ulipoichomeka wewe, ilisema tk?"

"Haikusema, Abti. Niliogopa kuvunja."

Kosa la mtu mpole. Plagi ilikuwa imeingia nusu, mlinzi wa zizi hakuwa amepata hata zile volti zake 5. Tukaangalia na ile plagi ndogo ya prosesa, ambayo wengi huisahau kwa kuwa imejificha pembeni. Hiyo alikuwa ameichomeka barabara. Tukaangalia nyaya nyembamba za kitufe cha mbele, zinazoingia kwenye vipini vidogo kama miiba. Waya wa swichi hauna mbele wala nyuma, upande wowote sawa. Wa taa ndio una upande wake. Sawasawa. Akabonyeza.

Feni ikaruka robo mzunguko. Taa ikamemeteka. Kisha kimya.

Kijana akakaa chini, mikono kichwani. Mimi nikaagiza chai, ya maziwa ya ngamia, kwa sababu sasa nilikuwa nimeuona wayo.

Kimya kitupu na kimya baada ya kuruka ni vitu viwili tofauti. Kimya kitupu maana yake stima haikufika. Kushtuka kisha kuzima maana yake ilifika, ikakuta jambo baya, ikakimbia. Pawa saplai ikihisi stima inavuja mahali pasipopaswa, hujizima yenyewe mara moja ili isiunguze kitu. Kwa hiyo hakuna kilichokufa. Kulikuwa na kitu kinachogusa kingine. Tulijua kipo, hatukujua kilipo.

Tukatoa kila kitu ndani ya kasha. Niliwafanya wote wawili waguse chuma kwanza kabla ya kushika mazabodi. Hewa yetu ni kavu. Ukitembea juu ya mkeka wa plastiki kisha ukagusa mlango wa chuma, unachapwa. Mchapo huo ni maelfu ya volti. Wewe unasema "aa!" na kusahau, lakini kijidude cha ndani ya ramu hakisahau.

Mazabodi tukailaza juu ya katoni yake, ya karatasi kavu. Prosesa na feni yake, ramu, pawa saplai, basi. Kitufe hakikuwepo tena, kimebaki kwenye kasha. Nikachukua bisibisi, nikagusisha vile vipini viwili vya swichi kwa sekunde moja tu. Kijana alifumba macho. Feni ikazunguka, ikaendelea kuzunguka, na nilipoiunganisha na skrini ya ile televisheni yakatokea maandishi meupe yakilalamika kwamba hakuna diski. Sijawahi kufurahia lalamiko kama lile.

Basi, juu ya katoni inaishi, ndani ya kasha inakufa. Mwizi yuko kwenye kasha.

Tulilitazama kasha lile tupu kwa muda mrefu. Mimi niliona chuma. Kijana aliona chuma. Msichana aliweka tochi chini na kuanza kuhesabu kwa kidole, jinsi anavyohesabu mbuzi wanaporudi jioni.

"Abti, mazabodi ina matundu mangapi ya skrubu?"

"Sita."

"Mbona miguu ni saba?"

Mazabodi haikai juu ya bati la kasha moja kwa moja. Inasimama juu ya vijiguu vya shaba, kila kimoja chini ya tundu lake, ili mgongo wake uliojaa nukta za kulehemu usiguse chuma. Kasha lina mahali pengi pa kufungia vijiguu hivyo, kwa sababu mazabodi hazilingani ukubwa. Kijana aliviona vijiguu saba kwenye kifuko, akaona haya kubakiza, akavifunga vyote. Sita vilikuwa chini ya matundu. Cha saba kilikuwa kinaichoma mazabodi mgongoni, pasipo na tundu, kikiziunganisha nukta zake na bati lote la kasha. Stima ilikuwa inamwagikia humo.

Nikampa msichana koleo akakifungua mwenyewe. Tukarudisha kila kitu, safari hii plagi zote zikisema tk, naye kaka yake akizitaja moja moja kwa sauti kama anayesoma mahudhurio ya darasa. Ilikuwa karibu na magharibi. Akamtazama dada yake, akasogea pembeni, akamwachia abonyeze yeye.

Ikawaka. Akaizima, akaiwasha. Akaizima tena, akaiwasha, mpaka dada yangu akapiga kelele kutoka jikoni kwamba betri ile ndiyo ya taa za usiku, na kama wanataka kuimaliza kwa mchezo wapande juu ya mabati waliambie jua lirudi.

Kijiguu cha saba anacho msichana. Amekitoboa akakitia uzi, amemfungia mwanambuzi wake shingoni. Hakilii, ni kidogo mno, lakini yeye anasema anakisikia.