KULEGEZWA SI KUONDOLEWA
Tulivyozipokea amri za Korona, na jinsi ya kusikiliza tangazo la Serikali

Ndugu mkulima, bila shaka unaikumbuka Jumatatu ya tarehe 6 Julai mwaka 2020. Siku hiyo Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba vizuizi vya kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa na Mandera vitaondolewa. Nairobi ilikuwa imefungwa tangu tarehe 6 Aprili. Kwa muda wa miezi mitatu kijana aliyefanya kazi mjini hakuweza kuja shambani kumwona mama yake, wala mama hakuweza kwenda kumwona kijana. Basi watu walifurahi, nao walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini tangazo lile moja lilisikiwa kwa masikio mengi, na kila sikio lilichukua lake.

Amri za Korona zimekwisha. Hata hivyo yafaa tuzungumze habari hii, kwa sababu amri za namna hiyo hazijakwisha. Mwezi ujao yaweza kuwa karantini ya ng'ombe katika skimu yako. Mtu anayejua kusikiliza tangazo la kulegeza amri hapati hasara ya bure.

TANGAZO LILISEMA NINI

Kwanza tukumbuke maneno yenyewe. Njia zilifunguliwa kuanzia Jumanne tarehe 7 Julai, saa kumi alfajiri. Kafyu haikuondolewa, iliongezwa siku 30, kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri. Makanisa na misikiti iliruhusiwa kufunguliwa, lakini watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na wasiingie watoto wa chini ya miaka 13 wala wazee waliopita miaka 58. Ndege za ndani ya nchi zilipewa ruhusa kuanzia tarehe 15 Julai, na za nchi za nje kuanzia tarehe 1 Agosti. Mwisho Rais alionya kwamba hali ikiharibika, njia zitafungwa tena.

Tazama basi: kwa kila jambo lililofunguliwa, kulikuwa na jingine lililobaki limefungwa, au limefunguliwa nusu. Wengi wetu tulisikia nusu ya kwanza tu.

WATU WALISEMA NINI

Watu waligawanyika mafungu matatu.

Fungu la kwanza walisema, "Ugonjwa umekwisha. Kama haujakwisha, Serikali ingefunguaje?" Hawa walivua barakoa na kupeana mikono sokoni kama zamani.

Fungu la pili walisema, "Ni mapema mno." Hawa walijifungia, na wengine wakakataa hata wanunuzi wa viazi na kabichi wasikanyage mashamba yao. Walisahau kwamba malori ya chakula yaliruhusiwa kupita vizuizini hata wakati njia zilipokuwa zimefungwa, maana mji hauwezi kukaa bila kula.

Fungu la tatu walisema, "Maneno haya hayaeleweki." Waliuliza: Je, ugonjwa hutembea usiku tu, hata pawe na kafyu? Mbona soko hukaa wazi kutwa, na kanisa saa moja tu? Mzee wa miaka 60 anakwenda sokoni kuuza maziwa, mbona hawezi kwenda kusali? Na mhubiri aliyepita miaka 58, je?

Msiwacheke watu wa fungu hili. Maswali yao yalikuwa ya haki, na mengine yalikuwa na majibu. Kafyu haikuwekwa kwa kuwa ugonjwa hutembea usiku. Iliwekwa kwa kuwa usiku watu hukusanyika vilabuni na katika karamu. Sokoni mtu husimama mahali penye hewa, hununua, huenda zake. Kanisani watu hukaa pamoja chini ya paa moja, huimba kwa sauti, na pumzi ya mmoja humfikia mwenziwe. Wazee walizuiwa kwa sababu ugonjwa ule uliwaua wao kuliko vijana. Kosa lilikuwa hapa: amri ilifika mbio, na sababu zake zikaja nyuma polepole. Mtu akipewa amri bila sababu, hutafuta sababu yake mwenyewe.

Wala tusidhani sisi peke yetu ndio tuliochanganyikiwa. Huko Uingereza, tarehe 10 Mei mwaka ule ule, Waziri Mkuu Boris Johnson aliacha kuwaambia watu wakae nyumbani, akawaambia wawe macho. Watu wengi waliuliza, tuwe macho namna gani na kijidudu kisichoonekana? Skotlandi, Wales na Ailandi ya Kaskazini hawakulifuata neno hilo jipya; waliendelea kuwaambia watu wao wakae nyumbani. Nchi moja, majirani wawili kila upande wa mpaka, na kila mmoja ana maneno yake.

KWA NINI HUFUNGULIWA KIDOGO KIDOGO

Jambo hili wewe mfugaji walijua kuliko mtu wa mjini. Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia katika skimu, daktari wa mifugo huweka karantini. Soko la ng'ombe hufungwa, na mnyama hatoki bila kibali. Sasa ng'ombe wako wameacha kudondosha mate, wanakula vizuri. Je, siku hiyo hiyo karantini huondolewa? La. Daktari hungoja. Kwa nini? Kwa sababu ng'ombe aliyeambukizwa leo aweza kukaa siku 2 hadi 14 kabla ya kuonyesha vidonda, na kabla vidonda havijaonekana huweza kuwaambukiza wengine. Ukimwona mzima leo, umeona habari za wiki iliyopita.

Korona ilikuwa hivyo hivyo. Dalili zilikuja kati ya siku 2 na siku 14. Mtu aliyeambukizwa ndani ya basi tarehe 7 Julai huenda hakuugua mpaka tarehe 15 au 20. Kisha akapimwa, kisha akaandikwa katika hesabu. Kwa hiyo hesabu ya mwisho wa mwezi ilionyesha mambo yaliyotendwa mwanzo wa mwezi. Serikali ikifungua malango yote siku moja, haitajua ni lango gani lililoingiza ugonjwa. Ikifungua moja moja na kungoja, itajua.

YALIYOFUATA

Tarehe 6 Julai wagonjwa waliohesabiwa Kenya tangu mwanzo walikuwa zaidi ya 8,000. Tarehe 31 Julai walikuwa zaidi ya 20,000. Hatuwezi kusema wote walitokana na kufunguliwa kwa njia, maana hesabu ilikuwa ikipanda hata kabla. Lakini waliosema ugonjwa umekwisha waliona wenyewe. Tarehe 27 Julai hoteli zilikatazwa kuuza pombe, zikaamriwa kufunga saa moja jioni.

Mambo yaliendelea hivyo, mbele na nyuma. Shule tuliambiwa zitafunguliwa Januari 2021. Kisha Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 wakaitwa tarehe 12 Oktoba 2020. Mwezi wa Machi 2021, Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru zilifungwa tena, zikafunguliwa tarehe 1 Mei. Kafyu yenyewe haikuondolewa mpaka sikukuu ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba 2021.

Wako waliosema, "Serikali haijui itakalo." Lakini dereva akitelemka mlima wenye matope hukanyaga breki, akaachilia, akakanyaga tena. Hatusemi hajui njia.

RUHUSA SI AMRI

Wiki ile ya Julai mama mmoja wa skimu yetu alifika ofisini. Alikuwa amekuja kwa habari ya mbegu, lakini alipomaliza hakuondoka. Aliniuliza, "Mwanangu, njia imefunguliwa. Kijana wangu yuko Nairobi, na baba yake ana miaka zaidi ya 70, na kifua chake unakijua. Nimwambie aje, au asije?"

Nilitafuta jibu katika tangazo, sikulipata. Tangazo lilisema kijana anaweza kuja. Halikusema ni lazima aje. Na Wizara ya Afya ilikuwa ikiwasihi watu wa mjini wasiwapelekee wazee ugonjwa mashambani. Nikamwambia hivyo tu: Mama, ruhusa si amri. Serikali imeondoa kizuizi cha barabarani. Cha langoni kwako utakiweka wewe.

Kijana alikuja mwezi wa Agosti. Alilala katika ghala la viazi kwa siku 14, akala chakula chake nje, akazungumza na baba yake kila mmoja upande wake wa uwanja. Majirani walicheka. Mzee yungali hai, na asubuhi hupeleka maziwa barabarani mwenyewe. Sisemi kwamba ni ghala lililomwokoa, maana hatujui kama kijana alikuwa na ugonjwa. Nasema kwamba watu wa nyumba ile walilisikiliza tangazo lote, kisha wakafikiri.

MASWALI MATANO

Basi ukisikia tena kwamba amri imelegezwa, iwe ya watu au ya mifugo, jiulize maswali haya kabla hujafunga mzigo:

1. Inaanza lini? Aliyefika kizuizini Jumatatu jioni alikuwa bado chini ya amri ya zamani.
2. Ni mahali gani? Kufunguliwa kwa kaunti ya jirani si kufunguliwa kwa yako.
3. Inamhusu nani? Tazama umri, kazi, na aina ya mnyama.
4. Ni nini kilichobaki kimefungwa? Hapa ndipo wengi hushikwa.
5. Ni kwa muda gani, na ni jambo gani litakaloirudisha amri?

Kama jibu mojawapo hulipati, usiulize kwenye klabu cha pombe. Mwulize chifu katika baraza, au daktari wa mifugo, au fika ofisi ya kilimo. Na ukipewa jibu bila sababu, omba sababu kwa heshima. Hilo si ukaidi. Mtu aliyeelewa sababu hahitaji askari wa kumsimamia, naye ataweza kumweleza jirani yake vizuri.